Lita Mbili, Chujio Moja

Chumba cha Bi Tone hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na milango miwili tu, wa kuingilia na wa friza, na mwenyewe alikuwa akisema kwamba ukitaka kuona mandhari basi fungua ule wa friza. Kushoto palikuwa na meza ndefu ya kuchujia maji, na chini yake pampu ndogo iliyokoroma kama mjomba aliyeshiba. Kulia palikuwa na hadubini, taa yake ya buluu, na kiti cha magurudumu matano ambacho gurudumu moja lilikufa mwaka ule ule alioajiriwa. Ukikikalia vibaya kinakumwaga. Bi Tone hakuwahi kumwagwa, maana mtu akikalia kiti kimoja miaka kumi na tisa hujua pa kuegemea.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na Mama Chupa, mwosha vyombo wa maabara, mwanamke mwenye mikono iliyochujuka kwa sabuni na mdomo usiojua likizo. Siku moja, miaka mingi nyuma, alichungulia chumbani akamkuta mwenzake ameshika tama mbele ya kikombe cha kuchujia, anatazama tone la maji lililoning'inia likikataa kuanguka. Akaenda zake, akaosha kikapu kizima cha chupa, akarudi, akamkuta pale pale na, kama alivyoapa mbele ya watu, na tone lile lile. "Wewe si fundi," akamwambia. "Wewe ni Bi Tone." Kufika saa ya chakula jengo zima lilikuwa limeshalipokea jina, na baada ya mwaka hata Mkuu wa maabara alikuwa akiliandika kwenye barua za ofisi bila kucheka.

Kazi yenyewe, ukisimuliwa mara ya kwanza, unaweza kudhani unafanyiwa mzaha. Kila Jumanne dereva alileta madumu ya maji ya bahari pamoja na mtungi wa vidudu vilivyonaswa kwa wavu mwembamba. Bi Tone alitakiwa kujua bakteria waliomo wanakaa wapi. Usidhani wote wanaogelea ovyo kama watoto walioachiwa bwawa. Wapo wanaoogelea huru, kweli. Lakini wapo wanaokaa juu ya chembe, yaani lile vumbi la bahari lisilokwisha, vipande vya mwani uliokufa, ute, vinyesi vya wanyama wadogo, vyote vikizama polepole na wakazi wake mgongoni. Na wapo waliohamia kwa planktoni, vile vidudu vya majini mfano wa kamba wa baharini, vidogo kiasi kwamba kumi vinaweza kukaa juu ya ukucha wa mtoto na nafasi ikabaki. Wengine hukaa kwenye gamba, wengine ndani ya utumbo.

Kwa vidudu hivyo Bi Tone alikuwa na mkono wa ajabu. Alivivua kimoja kimoja kwa mrija wa kioo, akavisuuza katika visahani vitatu vya maji safi, kisha akaviacha saa kadhaa bila chakula mpaka utumbo utoe kila kilichomezwa asubuhi. Ndipo alipovihesabia bakteria wake. Hakutaka aliyemezwa kwa bahati mbaya aandikwe kuwa mwenyeji. Mama yake alipoelezewa hayo kwa mara ya kwanza alisimamisha cherehani akasema, "Kumbe miaka yote hii unahesabu wapangaji." Bi Tone alicheka, lakini hakuona pa kubisha.

Kwa maji, mambo yalikuwa mepesi zaidi, au ndivyo ilivyodhaniwa. Unamimina maji kwenye kikombe chenye chujio la matundu makubwa. Chembe zinabaki juu, bakteria huru wanapita na kudondokea kwenye chupa ya chini, halafu hao nao unawapitisha kwenye chujio la matundu madogo wasiyoweza kupenya. Unazitia karatasi zote mbili za vichujio rangi inayong'aa, unaziweka chini ya hadubini, unawasha taa ya buluu, na kila bakteria anawaka kama nukta ya kijani. Wa chujio la juu unawaandika wakazi wa chembe. Wa chujio la chini unawaandika huru. Ukutani palibandikwa kanuni aliyoiacha fundi wa kabla yake, wa enzi ambazo vichujio vilikuwa adimu: LITA MBILI, CHUJIO MOJA. Herufi zilikuwa zimefifia, ila Bi Tone hakuhitaji kuzisoma.

Maji ya ghuba yao yalikuwa mazito. Nusu lita ya kwanza ilipita haraka, ya pili ikasuasua, na kuanzia hapo ilikuwa tone, kisha tone, kisha kungoja. Fundi mwingine angebadilisha chujio. Bi Tone alingoja. Aliwahi kungoja saa tatu na robo kwa lita mbili, na hilo alilisimulia kwa fahari, kama wengine wanavyosimulia safari walizokwenda.

Yeye safari hakuwa nazo. Miaka kumi na tisa ya kuhesabu wakazi wa bahari, na hajawahi kupanda hata mashua. Bahari ilimjia kwenye madumu, imeshapoa. Mara mbili iliwahi kutokea nafasi ya fundi wa kuchuja kwenye meli ya utafiti, ile kubwa yenye maabara ndani inayokaa majini miezi kumi, na mara mbili alijaza fomu kwa mwandiko wake mzuri, akaipeleka kwa Mkuu apate saini. Mara ya kwanza Mkuu alisema wakati haujafika. Mara ya pili fomu ilikaa kwenye trei yake mpaka tarehe ikapita. Halafu kwenye kikao cha mwaka akasimama, akamsifu mbele ya wote. "Wengine huja na kuondoka," alisema, "lakini Bi Tone ni wa hapa hapa. Mtoe kwenye kile chumba, atanyauka." Watu wakapiga makofi. Bi Tone alitabasamu na kuinama, na usiku ule alilia bafuni huku ameachia maji ya bomba ili mama asisikie.

Mkuu hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alikuwa mpole, alivaa miwani iliyofungwa uzi, na alijua majina ya watoto wa kila mfanyakazi. Shida yake ilikuwa ni ripoti. Kwa miaka sita alikuwa akiandika kitabu kikubwa kuhusu bakteria wa ghuba ile, na kitabu kizima kilisimama juu ya namba za Bi Tone. Sehemu nyingine za dunia, katika kila bakteria kumi wawili au watatu ndio waliokaa kwenye chembe. Kwenye ghuba yao walikuwa saba. Saba! Mkuu alialikwa huku na huko kueleza maajabu hayo. Na mamlaka ya mji nayo ilikuwa inaisubiri ripoti kwa hamu, kwa sababu ilitaka kupitisha bomba la maji machafu karibu na ufukwe wa kuogelea. Hoja ilikuwa nyepesi: ikiwa bakteria wengi wanakaa kwenye chembe, na chembe huzama, basi nao watazama mbali na waogeleaji, kwa hiyo hakuna tabu.

Nafasi ya tatu ya meli ilipotangazwa, Bi Tone alikuwa na miaka arobaini na sita, na tangazo lilisema wazi kwamba mwombaji asizidi arobaini na saba. Hii ilikuwa ya mwisho. Alipiga moyo konde, akaingia ofisini kwa Mkuu bila kubisha hodi mara ya pili.

"Safari hii usiniambie wakati haujafika, Mkuu. Ukifika tena utanikuta nimeshazeeka."

Mkuu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Ripoti inakwenda kuchapwa wiki ijayo. Imebaki wiki moja tu ya maji kukamilisha miaka sita. Niletee jedwali la mwisho Ijumaa asubuhi, na mimi nitasaini. Nakupa neno langu."

"Meli inaondoka Jumatatu."

"Basi Ijumaa si mbali. Nenda kapime afya, wanataka cheti."

Mama yake, mshonaji mstaafu aliyestaafu kwa jina tu, aliipokea habari ile huku akitafuta uzi. Walikaa wawili katika vyumba viwili vya ghorofa ya tatu, na miguu ya mama ilikuwa imeshazikataa ngazi. Kwa nini walikaa ghorofa ya tatu ya jengo lisilo na lifti, wakati mdogo wake Bi Tone ni fundi wa lifti, ni jambo ambalo familia nzima ilikuwa imechoka kulizungumza.

"Mdogo wako kashakubali nikae kwake," mama alisema. "Mkewe amekunja uso kidogo, nitaukunjua. Nina pasi."

"Mama, miezi kumi ni mingi."

"Mingi kwa nani? Mimi nimekaa nawe miaka arobaini na sita, nimechoka." Kisha akatoa begi kubwa la kitambaa cha turubai, jipya, lenye mshono maradufu na mfuko wa ndani wa kuwekea karatasi. Alikuwa ameanza kulishona kabla hata tangazo halijatoka. "Mbili za kwanza nilikuona ukirudi na uso wa paka aliyelowa. Nikasema, ikija ya tatu isije ikakosa begi. Leta nguo zako nipange, wewe hujui kukunja."

Jumanne maji yakaja. Jumatano, siku ya kuchuja, cheti cha afya kilipangwa saa saba mchana, na daktari wa meli alisema anayechelewa asije. Bi Tone alitazama dumu, akatazama saa ya ukutani. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa alikuwa na haraka, na haraka ni nguo ambayo hakuwa ameizoea, ilimbana kila mahali. Nusu lita ilipita. Ya pili ikaanza kusuasua. Alisimama, akaketi, akasimama tena. Halafu akafanya jambo ambalo angemkaripia mtu mwingine: alilitoa lile chujio kabla halijaziba, akaweka jipya. Akaendelea hivyo, robo lita kwa chujio, mpaka lita zote mbili zikapita kabla ya saa sita. Kanuni ukutani ilimtazama. Aliigeuzia mgongo akavaa viatu.

Daktari alimkuta mzima, moyo safi, macho makali. Akarudi nyumbani akiimba, jambo lililomtia mama wasiwasi.

Alhamisi asubuhi alikaa kwenye hadubini na kuhesabu. Alipojumlisha vichujio vyote vya juu alipata bakteria wawili na kidogo kwa kila kumi. Alidhani amekosea. Akahesabu upya. Wawili na kidogo. Wale saba wa kila wiki, wa miaka sita, walikuwa wamekwenda wapi? Alidhani labda amemwaga maji, akatazama vichujio vya chini, na huko ndiko alikowakuta wamejaa, bakteria huru tele, kana kwamba mtu amewafungulia mlango.

Kwa bahati alikuwa na desturi ya kuacha dumu moja la akiba kwenye baridi. Alilichukua, akaligawa. Lita mbili akazichuja kwa kanuni, chujio moja, kwa subira ya Bi Tone mwenyewe, mpaka tone la mwisho. Lita mbili nyingine akazichuja kwa haraka, akibadilisha. Maji ni yale yale, bahari ile ile, mkono ule ule. Kwenye subira walitoka saba. Kwenye haraka wakatoka wawili.

Aliirudisha karatasi ya subira chini ya taa ya buluu, na safari hii hakuhesabu. Alitazama. Chembe zilikuwepo, na juu ya chembe walikuwepo wakazi wake halisi, wamejibanza kwa makundi. Lakini walio wengi, wengi kabisa, hawakuwa juu ya chembe yoyote. Walikuwa katikati, kwenye karatasi tupu, mmoja huku, mmoja kule. Walikuwa waogeleaji huru waliokuwa wakipita njia yao, wakakuta matundu yameshazibwa na uchafu, wakakwama. Na chujio lilivyozidi kuziba ndivyo lilivyozidi kukamata. Alikuwa amewaona kila wiki kwa miaka sita. Aliwaandika wakazi wa chembe kwa sababu walikuwa kwenye chujio la juu, na kanuni ilisema wa juu ni wakazi.

Mwanamke aliyeviacha vidudu na njaa saa kadhaa ili asimwonee bakteria mmoja aliyemezwa, hakuwahi kujiuliza kuhusu hawa. Ilimchoma. Ile subira aliyosifiwa, ile iliyompa jina, ndiyo iliyoharibu kila kitu. Fundi mvivu asingekosea.

Mama Chupa alimkuta ameketi na taa haijazimwa. Bi Tone alimwonyesha, akamweleza, na Mama Chupa, ambaye alikuwa na akili kuliko nusu ya waliovaa makoti meupe mle ndani, alielewa mara moja.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi mimi nishasahau." Akavuta mlango ukafungika. "Sikiliza, mwenzangu. Kesho mpe Mkuu jedwali lake, mpe na saba zake. Chukua saini, panda meli. Ukifungua mdomo, nani atazirudia hizo hesabu? Mimi? Watakufungia humu mpaka ustaafu."

"Na lile bomba?"

"Bomba, bomba! Wewe ndiye unayelichimba?"

"Watoto wa mdogo wangu wanaogelea pale ufukweni kila Jumapili."

Mama Chupa alikwenda kuosha chupa ambazo zilikuwa safi.

Bi Tone alifungua friza. Kila chujio la juu la miaka sita lilikuwa limekatwa nusu. Nusu ikahesabiwa, nusu ikagandishwa. Nusu mia tatu na kumi na mbili zilikuwa pale kwenye visanduku, kila moja na tarehe kwa mwandiko wake. Zingeweza kusahihishwa. Mtu angezitazama moja moja, akamtenga aliyekaa juu ya chembe na aliyekwama tu. Lakini alihitajika mtu mwenye jicho lililozoea ghuba ile, anayejua ute unavyong'aa na asiudhanie bakteria. Mtu huyo alikuwa mmoja. Akifanya asubuhi na jioni, bila kuacha kazi za kawaida, ingekuwa miezi tisa, labda kumi. Alipiga hesabu hiyo mara mbili, akaifunga friza kwa ufunguo, akaketi akaandika yote aliyoyaona kwenye daftari la maabara, kwa wino. Kurasa za daftari lile zilikuwa na namba, hazing'oki bila kuonekana.

Ijumaa Mkuu alikuwa amevaa tai. Aliichukua fomu kabla Bi Tone hajaketi, akaisaini kwa madaha, akaigonga muhuri, akamsukumia. "Haya. Usije ukasema nilikula neno langu. Nipe sasa jedwali."

Ile karatasi ilikuwa mkononi mwake. Wino ulikuwa haujakauka vizuri. Bi Tone aliuona mlango, akaliona begi la mama lilivyokaa kitandani limevimba, na kwa muda wa kama pumzi tatu alikuwa mtu aliyekwisha kuondoka. Kisha akasema, "Mkuu, namba zetu si za kweli."

Alimweleza yote. Uso wa Mkuu ulikwenda ukishuka kidogo kidogo, na Bi Tone alipomaliza, alionekana mzee kuliko alivyokuwa asubuhi.

"Miaka sita," alisema.

"Kosa ni langu. Nilingoja pasipo kungojwa."

"Mimi mwakani nastaafu, Bi Tone. Unalijua hilo?"

"Najua."

Alinyanyuka akatembea mpaka dirishani, yeye alikuwa nalo, akarudi. Sauti ilikuwa imelainika kwa namna ambayo Bi Tone hakuipenda. "Tazama. Hiyo wiki moja uliichuja kwa haraka, ina kasoro zake. Haiwezi kupindua miaka sita. Wewe umechoka, na safari imekukaa kichwani. Saini unayo. Nenda zako Jumatatu, tena nakutakia kheri. Ya hapa niachie mimi."

Bi Tone alijua maana ya niachie mimi. Fundi akiondoka, friza husafishwa; hiyo nayo ilikuwa kanuni. Zile nusu mia tatu na kumi na mbili zingetupwa kabla meli haijaiacha nchi kavu.

"Nimeandika kwenye daftari," alisema.

"Daftari! Nani anasoma daftari?"

Hapo alisema kweli, na wote wawili walijua. Daftari lingekaa kabatini na ukweli wake mpaka mende walimalize. Bi Tone alisimama na fomu yake mkononi. Kitu kilimjia akakaribia kucheka: huyu mtu aliyemzuia mara mbili, leo anamfungulia mlango kwa mikono miwili, na yeye ndiye miguu imekataa. Alikuwa na hasira. Alimchukia Mkuu, akalichukia lile chujio, na zaidi alijichukia mwenyewe kwa kuwa na macho.

Alitoka, akafika hadi mwisho wa ujia. Mama Chupa alikuwa pale, akaiona saini, akapiga kigelegele kifupi. Bi Tone alimpita, akaingia chumbani kwake, akasimama mbele ya friza. Aliutoa mfukoni ufunguo ambao ilibidi aukabidhi kabla ya kuondoka. Aliutazama. Kisha akaurudisha mfukoni, akatembea tena ule ujia wote, akaiweka fomu juu ya meza ya Mkuu, juu ya tai yake aliyokuwa ameivua.

"Friza haifunguliwi mpaka nimalize," alisema. "Na mamlaka ya mji nitaiandikia mimi mwenyewe leo, kwamba namba zinahesabiwa upya. Ukitaka tuandike wote wawili, nafasi ya jina lako nitaiacha."

Mkuu aliitazama fomu, akamtazama yeye. "Meli haitakungoja."

"Najua, Mkuu. Si lazima uniambie."

Aliiandika barua, akamwachia mezani, na saa nzima ikapita kabla haijarudi na majina mawili. Saini ya Mkuu ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwenye fomu.

Siku hiyo hiyo baada ya chakula Bi Tone alianza. Alitoa nusu ya kwanza, ya miaka sita nyuma, akaichovya kwenye rangi, akawasha taa. Kwenye daftari alichora safu mbili. Ya kwanza aliiandika Wakazi, na ya pili, baada ya kufikiri kidogo, Walionaswa. Kiti kilitaka kummwaga, akaegemea anapopajua. Pampu ilikuwa imezimwa, na chumba kilikuwa kimya kiasi cha kusikia penseli. Kufika jioni safu ya kwanza ilikuwa na arobaini na tatu, na ya pili ilikuwa imemaliza ukurasa, ikaendelea upande wa nyuma.

Nyumbani mama alikuwa ameketi kitandani kando ya begi, amevaa nguo za kutokea, maana mdogo wake Bi Tone alikuwa aje kumchukua jioni ile na kumteremsha ngazi mgongoni. Alimtazama binti yake akivua viatu. Uso wa paka aliyelowa aliujua, na huu haukuwa ule, ila haukuwa wa safari pia.

"Hakusaini?"

"Alisaini, mama."

Bi Tone alimweleza, kwa maneno machache, kama alivyomweleza zamani habari za wapangaji. Mama alisikiliza huku anapapasa mshono wa begi kwa kidole gumba. Hakumlaumu. Alilia kidogo, na hakujificha, na Bi Tone akakaa karibu naye akalia naye, mpaka honi ya mdogo wake ikasikika chini.

"Mwambie arudi zake," mama alisema akijifuta. "Haya. Lete nikufungulie mzigo, nguo zitakunjamana."

Bi Tone aliuweka mkono wake juu ya zipu.

"Usiufungue," alisema.

"Miezi kumi, mwanangu? Likae tu hapo?"

"Likae."

Alilinyanyua yeye mwenyewe, lilikuwa zito kuliko alivyodhani, akalisimamisha karibu na mlango wa kutokea. Mlango haukuweza tena kufunguka wote. Asubuhi ya Jumatatu, alipotoka kwenda kazini, ilimbidi apite kwa ubavu.